Walioandikwa Nyuma ya Daftari

Nimestaafu nikiwa bado nina meno yangu yote, na walimu vijana wa skuli yetu wameniomba niwaandikie niliyojifunza kwa karibu miaka thelathini ya kufundisha watoto wa maandalizi. Nadhani walitaka mbinu. Mbinu ninazo tatu tu: usivae nguo nyeupe, usimuulize mtoto swali refu kabla hajaenda chooni, na kabla hujakaa kitako mkekani, fikiri kwanza utanyanyukaje. Mengine yote ni haya yanayofuata, na sina hakika kama ni mbinu.

Nilifika skuli ile ya Mji Mkongwe nikiwa na shahada. Siku ya kwanza niliitaja mwenyewe mara mbili kabla ya saa tatu asubuhi, na hakuna aliyeniuliza. Nilikuwa nimeandika tasnifu nzima kuhusu mchezo wa mtoto, na katika kurasa zake zote hakuwamo mtoto hata mmoja anayetokwa na kamasi. Darasa langu lilikuwa chini ya nyumba ya zamani. Kuta zake zilikuwa nene kama urefu wa mkono, na ndani ya kuta mlikuwa na vidaka, yale matundu ambamo wenye nyumba wa zamani walipanga sahani zao za fahari. Sisi tulipanga vikombe vya plastiki.

Msaidizi wangu alikuwa Bi Shinuna. Hakuwa na cheti chochote. Alikuwa na tambuu shavuni, kanga mbili, na daftari la mahudhurio alilolivisha jalada la karatasi ya kalenda. Shahada yangu aliipa heshima yake: aliniambia nikae kando nitazame.

"Aisha!"

"Naam!"

"Haji!"

"Naam!"

Akaendelea hivyo mpaka mwisho wa orodha. Halafu, badala ya kulifunga daftari, akaligeuza na kuanza kusoma kutoka nyuma.

"Bwana Ngisi!"

Kisha Haji, mtoto wa miaka minne aliyekuwa akitafuna ukosi wa shati lake, akasema, "Kaja, lakini kalala."

Bi Shinuna akatia alama. "Pacha wa Aisha!"

"Naam," akajibu Aisha kwa sauti nyembamba ambayo haikuwa ile aliyoitikia mwanzo. Halafu, kwa sauti yake ya kawaida, akaongeza, "Leo hana miguu."

"Basi asikimbiekimbie," alisema Bi Shinuna, akatia alama.

Wakati wa uji nilimuuliza hawa waliosomwa mwisho ni kina nani.

"Wenzao."

"Wenzao gani, Bi Shinuna?"

"Wewe si umesoma, mwanangu? Mtoto wa umri huu haji skuli peke yake."

Nilimwambia kwamba wataalamu wanalo jina la jambo hilo, nikalitaja jina lenyewe. Alinisikiliza mpaka mwisho, akatema tambuu lake kwa adabu, akasema, "Ahaa. Na huko chuoni mliwapa pa kukaa?"

Nami nikajifunza kuwapa pa kukaa. Utaratibu wake ulikuwa hivi. Mtoto akimtaja mwenziwe siku tatu, mwenziwe huyo aliandikwa nyuma ya daftari. Hatukuuliza sura yake wala kabila lake. Tulichotaka kujua ni upande gani wa mkeka anapenda kukaa, tusije tukamkalia. Mtoto akikua akamsahau, Bi Shinuna alilipitishia jina lile mstari mmoja, polepole, kama mtu anayefunga mlango wa chumba cha mgonjwa.

Kesi nzito zilikuwepo. Mwaka wangu wa pili au wa tatu, msichana mmoja alitangaza kwamba mwenziwe kafa. Darasa zima likatoka uani kumzika. Watoto wakasoma walichokijua, yaani Alhamdu mpaka katikati, kisha wakala biskuti za khitma. Mama yake alipokuja kumchukua saa sita, msichana yule alinivuta kanga akaninong'oneza, "Mwalimu, tumemzika mzima. Alikuwa anacheka." Nilicheka na mimi. Nilipofika nyumbani nikaona kucha zangu zimejaa udongo, ndipo nikakumbuka kwamba nilisaidia kuchimba.

Baadaye nilihamishiwa Kiwengwa, nikakaa miaka mingi. Kule mama zao walishuka pwani kwenye mwani kila maji yakipwa, na wenzao wa watoto waliishi ndani ya magunia ya mwani, kwa hiyo walinuka. Niliwaandika vilevile. Miaka yangu ya mwisho huko ndipo zilipoingia simu za kupangusa, kwanza mikononi mwa wanaofanya kazi hotelini, kisha kila nyumba. Niwe mkweli: nilifurahi. Tulipoletewa tableti chache za kujaribia darasani, niliandika ripoti ya kuzisifu. Niliziita dirisha la ubunifu. Bado nakutana na watu wanaolikumbuka neno lile, na kila mara mimi huwaambia kwamba siye niliyeliandika.

Niliporudi mjini, Bi Shinuna alikuwa ameshatangulia mbele ya haki. Daftari lake nililikuta kabatini, jalada la kalenda likiwa bado lipo. Walimu waliokuja baada yake walidhani majina ya nyuma ni ya watoto walioacha skuli. Niliuliza kama watoto wa sasa wanao wenzao wa namna hiyo. Wakanitazama kama nimewauliza kuhusu ugonjwa uliokwisha zamani.

Wiki ile ya kwanza niliwakuta watoto wanne kwenye kona ya michezo, mahali pa vifuu na vikombe, ambapo zamani usingeweza kujisikia kwa kelele za wapishi wadogo. Walikaa mstari mmoja, migongo ukutani. Kila mmoja ameshika kipande cha kigae kilichovunjika, kidole gumba kinapita juu yake, kinapita, kinapita. Hakuna aliyesema neno. Mara wakacheka wote wanne kwa pamoja. Wakanyamaza kwa pamoja.

Niliinama nikatazama. Vigae havikuwa na kitu.

"Mnatazama nini?" niliuliza.

"Inakuja yenyewe," alijibu wa mwisho, bila ya kuinua uso.

Mtu atasema huo nao ni mchezo. Mimi nilijiambia hivyohivyo, na nikaenda kusimama uani kidogo, juani.

Mmoja wa wanne wale alikuwa Sabra, mwenye miaka minne na nusu. Mama yake ni fundi cherehani, anashona nguo za maharusi ghorofa ya pili, mtaa uleule wa skuli. Nyumba yake imejaa pini, mikasi na pasi ya moto, na hakuna mtu mwengine wa kumtazama mtoto. Simu ndiyo iliyomweka Sabra mbali na pasi, na kama ningekuwa mimi ningefanya hivyohivyo. Lakini mtoto yule alikuwa hasemi. Hakuwa bubu. Akitaka maji alisema maji. Zaidi ya hapo hakuwa na la kusema.

Siku moja niliwakusanya kuwatolea hadithi. Nikasema, "Paukwa!" Watatu au wanne wakajibu, "Pakawa!" Nilikuwa sijafika mbali Sabra aliponyanyuka, akaja mpaka mbele yangu, akaweka vidole vyake shavuni mwangu na kunipangusa uso, kutoka kulia kwenda kushoto, taratibu. Akangoja. Akanipangusa tena. Halafu akarudi kukaa, na uso wake ulikuwa wa mtu aliyekata tamaa. Sikuelewa mpaka nilipokuwa nikinawa kwa ajili ya sala: alikuwa akiniondoa ili aje mwengine.

Siku chache baadaye simu ile ilitumbukia kwenye ndoo ya maji, ikafa. Mama Sabra alikuwa na kazi nyingi za maharusi, akasema ataangalia nyengine mfungo ukikaribia. Wiki ya kwanza Sabra alilia. Wiki ya pili alilala tu. Wiki ya tatu alikuja skuli asubuhi akasimama ukingoni mwa mkeka, hataki kukaa.

"Mwambie Mudi asogee," alisema.

"Nafasi si ipo, mwanangu?"

"Yangu ipo. Chumvi hana."

Ilikuwa sentensi ndefu kuliko zote nilizowahi kumsikia. Nilimsogeza Mudi. Kisha nikaenda kabatini nikalitoa daftari la Bi Shinuna, nikaliandika jina bila ya kungoja siku tatu.

Chumvi, tulikuja kujua, ni mweupe, ni mdogo, na anakaa kwenye kidaka cha chumbani kwao. Hawezi kushika maji kwa sababu atayeyuka. Siku ya mvua Sabra aliingia ameloa chapachapa huku mwavuli ameushikilia pembeni, juu ya mtu asiyekuwepo. Darasa likaambukizwa. Watoto wakienda kunawa, mmoja hubaki nyuma kumfunika Chumvi kwa beseni. Vigae viliachwa vimelala kwenye kona. Vifuu vikaanza kupikiwa, na kelele zikarudi, na mimi, mwanamke wa miaka hamsini na nne mwenye shinikizo la damu, nilifurahia kelele.

Asubuhi moja Sabra hakuja, alikuwa na homa. Nilisoma majina, na kwa mazoea nikaligeuza daftari.

"Chumvi!"

"Naam."

Ilikuwa sauti ndogo, kavu. Niliinua macho. "Nani kaitika?"

Watoto hawakutazamana. Wote walitazama kidaka cha vikombe, kama watu wanaotazama mwenzao aliyeulizwa swali. Nilitia alama. Mpaka leo najiambia kwamba ni Mudi.

Sasa nifike kwenye kosa langu, maana ndilo lililonifanya nikubali kuandika. Mama Sabra alipokuja siku ya pili kueleza kuhusu homa, nilimwahi mlangoni kwa furaha kama mtu anayepeleka habari ya mtoto aliyefaulu.

"Hongera, Mama Sabra! Mtoto hanyamazi siku hizi. Anazungumza na Chumvi kutwa."

"Chumvi ndo nani?"

"Si yule wa kidakani kwenu?"

Niliona uso wake. Alikuwa anamsikia mtoto akizungumza na ukuta, akijiambia ni homa, ni wimbo, ni chochote. Sasa mwalimu, tena msomi, anamwambia huyo wa ukutani ana jina, na skuli nzima inamjua. Miaka yote ile Bi Shinuna hakuwahi kumwambia mzazi hata mmoja. Mimi nilidhani ni kwa sababu hajui kuandika ripoti.

Alhamisi ile alasiri niliitwa nipande juu kwao Sabra. Nilimkuta Mama Sabra, chetezo cha ubani kinafuka, na Maalim mmoja wa mtaani, mzee mpole mwenye miwani iliyofungwa uzi. Alikuwa ameandika aya kwa zafarani kwenye sahani nyeupe na kuziosha kwa maji, kombe la kumnywesha mtoto. Sabra amekaa chini, mgongo wake umeziba kidaka.

"Kunywa, mwanangu," mama yake alimbembeleza.

"Sitaki. Nikinywa atayeyuka."

"Umemsikia, Maalim? Analikataa kombe! Si yeye huyo anayekataa, wallahi si yeye!"

Nilijua kwa nini anakataa. Nikaeleza habari ya chumvi na maji, ya beseni, ya mwavuli. Maalim alinisikiliza, akaiweka sahani chini.

"Mwalimu," alisema, "mimi nimesoma vitabu vyangu na wewe umesoma vyako. Sipendi kumtisha mtoto bure. Umewaona wengi. Niambie neno moja tu, nami nitakunja mkeka wangu niende zangu. Huyu anacheza?"

Nilifungua mdomo kusema ndiyo. Sabra alikuwa akinitazama, au akitazama nyuma ya bega langu.

"Mwalimu, Chumvi anauliza. Yule wako ulomwacha kisimani, keshakuja?"

Nilikuwa na miaka mitano, kwa bibi yangu Makunduchi. Huyo wangu alikuwa akikaa kwenye ukingo wa kisima. Tulipohamia mjini nilimwambia angoje. Sijapata kumweleza mtu habari ile, si mume wangu wala Bi Shinuna, na katika tasnifu hamna.

"Mwalimu?" Maalim aliuliza.

"Sijui," nikasema.

Ndivyo nilivyomtupa Sabra. Kwa neno lile, mtoto aliyekuwa amepata ulimi wake kwa wiki chache tu akageuka mgonjwa, na mimi ndiye niliyekuwa daktari aliyetia saini.

Maalim hakumlazimisha. Alimwambia mama amsomee mtoto Kurani asubuhi na jioni, yeye mwenyewe, amempakata. Ushauri mzuri. Lakini mikono ya Mama Sabra ilikuwa ndani ya nguo za watu, kwa hiyo alinunua simu, akaisimamisha kwenye kidaka, akaweka kisomo, akarudi kwenye cherehani. Kisomo kina mwisho, ila simu haina. Sura ikimalizika, huleta yenyewe kinachofuata, na kinachofuata huleta kinachofuata. Siku ya tatu, kinachofuata kilikuwa vikatuni.

"Alhamdulillahi, kimetoka!" Mama Sabra aliniambia mlangoni, na macho yake yalikuwa yamepumzika. "Hasemi tena na ukuta."

"Anasema na nani?"

"Hasemi na mtu. Katulia."

Darasani Sabra alikaa pale pake, bila ya kuomba nafasi ya pili. Wakati wa michezo alikwenda kwenye kona, akainama, akachagua kigae. Siku ile niliita jina la Chumvi mara moja tu, na kidaka cha vikombe hakikuitika.

Nilistaafu mwisho wa muhula. Nilipewa saa ya ukutani, nadhani ili niweze kuona ninavyochelewa kwenda kusikokuwa na safari. Nilikaa nayo wiki mbili. Kisha nikapanda ngazi za Mama Sabra.

Nilimwambia kwamba siku ile mbele ya Maalim niliogopa, na kuogopa kwangu nikakuita kutojua. Nilimwambia mtoto hakuwa na kitu kibaya, na kwamba huu utulivu ndio unaonitisha. Nikamwomba saa moja kila siku baada ya alasiri, simu iwe ndani ya mtoto wa meza, mimi nikae na Sabra.

Aliitoa pini mdomoni. "Na kikirudi?"

"Kikirudi nitakuwepo."

"Wewe ulikuwepo, Mwalimu."

Akapiga pasi ukosi mzima kabla hajasema tena. "Haya. Lakini ukiona kitu chochote uniambie. Mimi nnaishi naye peke yangu humu. Niahidi."

Nikaahidi.

Siku za mwanzo zilikuwa ndefu. Sabra alikaa mkekani akitazama kidole gumba chake kikipita juu ya goti. Sikumtolea hadithi wala sikumletea midoli. Nilikaa tu, na kikombe kitupu katikati yetu, nikisikiliza cherehani chumba cha pili. Kidakani hamkuwa na kitu isipokuwa waya wa kuchajia, unaning'inia. Nilikwenda hivyo wiki, ikawa wiki mbili, nikawaza kwamba labda milango mengine ikifungwa imefungwa, na mimi ni mwanamke mtu mzima ninayepoteza alasiri zangu kwa kutazama waya.

Alasiri moja alisogea. Kidogo tu, kiasi cha upana wa mtu mdogo, akabakisha nafasi kati yake na ukuta. Kidole chake kilikuwa kimesimama.

"Chumvi?" nilinong'ona.

"Chumvi kafa." Sauti yake ilikuwa ina kutu.

"Na huyu?"

"Mwengine."

"Anaitwa nani?"

Alinitazama kama mimi ndiye mtoto. "Hana jina. Ukiwa na jina wanakuita." Kisha akainuka, akaweka mdomo wake sikioni mwangu, moto. "Usimwambie Mama."

Saa yangu ilipokwisha nilijitanda kanga nikatoka. Mama Sabra aliisimamisha cherehani.

"Vipi, Mwalimu? Umeona kitu?"

Alikuwa amechoka, na alikuwa ananiamini, na nilikuwa nimeahidi.

"Sijaona kitu," nikasema. "Mtoto anacheza."

"Peke yake?"

"Peke yake."

Akakubali kwa kichwa, akaivuta nguo chini ya sindano. Lakini sikuondoka mlangoni. Kule chumbani Sabra alikuwa ameshamuuliza mwenziwe swali, nami nilitaka cherehani ianze kulia kabla mama yake hajasikia jibu.